Kesi ya Montresor: anza na mwiko

Ndugu, umeuliza uanzie wapi hadithi yako ya kumfikisha Montresor mahakamani, mwendelezo wa kisa cha Edgar Allan Poe cha mwaka 1846, kile ambacho Montresor, msimulizi wake, anamzika Fortunato akiwa hai nyuma ya ukuta. Mimi ningeanza na mwiko wa mwashi. Alikuwa nao chini ya joho kabla hawajafika shimoni, na watumishi alikwisha kuwaondoa nyumbani kwa hila. Uweke mezani kama kielelezo, una kutu. Utetezi wa hasira za ghafla umekwisha hapo hapo.

Kisha mwendesha mashtaka amwombe ataje kosa moja tu kati ya yale elfu anayodai kutendewa. Katika kisa chote hataji hata moja! Mwache mzee anyamaze, maana anasimulia miaka 50 baadaye. Usimpe hotuba ndefu, tafadhali. Hapo ndipo wengi huharibu.

Hukumu iandike kwa ufupi. Nguvu zako ziweke kwenye ile kofia yenye njuga aliyovaa Fortunato: karani anaiinua, njuga zinalia, na mshtakiwa anageuza uso.