Makufuli ya faili: programu mbili zikigombania salio moja

Chukua seva ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa pale Moshi. Programu ya mizani inaongeza kilo zilizopokelewa, ya stoo inapunguza zilizopakiwa kwenda kukobolewa, na zote zinaandika kwenye faili moja ya salio. Salio ni kilo 1,240. Mizani inasoma 1,240. Stoo nayo, sekunde hiyo hiyo, inasoma 1,240. Ya kwanza inaongeza 60 na kuandika 1,300, ya pili inapunguza 300 na kuandika 940 juu yake. Ilitakiwa iwe 1,000. Hakuna ujumbe wa kosa wowote. Kilo 60 zimeyeyuka, na atakayeulizwa ni karani.

Dawa ni kufuli la faili: alama kwamba programu moja inaitumia, nyingine zisubiri. Wengi hufunga faili wakati wa kuandika tu. Wamechelewa. Kufuli lishikwe kabla ya kusoma, liachiwe data ikishatoka kwenye bafa ya programu (kumbukumbu ya muda inapokaa kabla ya kuandikwa).

Usiulize kwanza "faili ya kufuli ipo?" ndipo uiunde, maana katikati hapo mwingine anapenya. O_CREAT pamoja na O_EXCL, yaani kufungua kwa sharti la "unda, ila kama ipo kataa", huziba mwanya huo, ila umeme ukikatika faili inabaki kwenye diski, na asubuhi programu inagoma kwa ajili ya kufuli lisilo na mwenyewe. Kwa umeme wetu huu, hesabu kwamba litatokea. Afadhali kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ndiyo ishike kufuli. Programu ikifa, linaachiwa lenyewe. Kwenye Linux, mstari wa kwanza unafungua faili ya kufuli kwa namba 9, wa pili unaomba kufuli lake:

exec 9>>/var/lib/stoo/salio.lock
flock -w 10 9 || exit 1

Hiyo -w 10 inasubiri sekunde 10 kisha inaacha. Bila hiyo, programu inaweza kusubiri mpaka watu warudi Moshi Desemba.

Faili ya .lock usiifute, hata ukimaliza kazi. Ukiifuta wakati mwenzako ameshaifungua na yuko foleni, yeye atapata kufuli la faili iliyokwisha kufutwa, wa tatu ataunda mpya, na wote wawili wataingia ndani. Ndiyo maana pia hatufungi faili ya salio yenyewe kama tunaibadilisha kwa rename (kuandika faili mpya kisha kuipa jina la ile ya zamani): kufuli linabaki kwenye faili ya zamani.

Mkwamo unakuja makufuli yakiwa mawili. Mizani imeshika kufuli la salio inataka la faili ya malipo. Programu ya malipo imeshika la malipo inataka la salio. Hakuna anayesogea. flock haigundui hali hiyo. fcntl, njia nyingine ya kufunga, inaweza kuigundua na kurudisha EDEADLK (kosa la mkwamo), lakini ina mtego wake: programu ikifunga (close) kifafanuzi chochote cha faili ile, yaani namba ya faili iliyofunguliwa, hata kilichofunguliwa na maktaba usiyoijua, makufuli yake yote juu ya faili hiyo yanaachiwa. Dawa ni mpangilio mmoja kwa programu zote, kwa alfabeti: malipo, kisha salio, hata kama malipo utayahitaji mwishoni. La pili likikosekana ndani ya muda, achia la kwanza, subiri kidogo kwa muda wa kubahatisha, kisha anza upya kwa kusoma salio tena.

Makufuli haya ni ya hiari. Karani akifungua salio kwa kihariri cha kawaida, hakuna kitakachomzuia. Mnyime ruhusa ya kuandika.

Kujaribu, weka sleep 5 kati ya kusoma na kuandika, endesha programu zote mbili kwenye terminali mbili, na ya tatu andika lslocks. Itakuonyesha kwamba kufuli limeshikwa.