Wateja Wangu Nawajua kwa Majina

Juzi dada mmoja wa Koboko aliniandikia: "Dada, nina wafuasi wengi TikTok, mbona siuzi?" Nimeona nijibu hapa, maana swali hili naulizwa kila mara.

Mimi nauza vitenge hapa Arua, Uganda. Mzigo nautoa Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na wateja wangu wako Adjumani, Gulu, Kampala hadi Juba. Wengi hatujawahi kuonana. Lakini najua nani anaozesha binti Desemba, nani kafiwa, nani hataki kabisa rangi ya njano. Huo ndio mtaji wangu, na najivunia.

Kumbukeni Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi Facebook ikafungwa, kisha intaneti yote ikazimwa. Intaneti ikarudi, Facebook haikurudi. Wenzangu waliokuwa na kila kitu kwenye ukurasa wao walilia. Mimi nilikuwa na daftari la wateja: jina, namba, mji, alichonunua. Nikawapigia mmoja mmoja kuwajulia hali. Vitenge sikuvitaja, watu walikuwa na hofu zao. Biashara ilipochangamka tena, wao ndio walionitafuta.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Adjumani aliniuliza kama kitenge cha buluu kinachuja rangi. Ningeweza kumjibu "hakichuji, mama" yakaisha. Nilikata kipande, nikakitia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, nikakifikicha, nikakikamua juu ya kitambaa cheupe huku simu inarekodi. Kitambaa kikabaki cheupe. Nikamtumia video yeye peke yake, na ujumbe wa sauti wa kumsalimia na kuuliza mguu wake unaendeleaje. Wiki iliyofuata akaagiza sare ya akina mama wote wa kanisani kwao! Pesa ikaingia kwa simu kabla mzigo haujapanda basi.

Sasa niseme linaloniuma. Kuna muuzaji wa jumla Kampala aliyechukua picha zangu, zenye meza yangu na mkono wangu, akazibandika kwake kwa bei ya chini. Hakuomba, na nilipomwandikia alinizuia. Walioniletea habari ni wateja wangu wenyewe, wakiwa na hasira kunishinda. Picha aliiba, watu hakuweza kuwaiba.

Kwa hiyo, dada yangu, wafuasi si wateja. Salimia kabla ya kutaja bei. Mtu akikuuliza swali mbele za watu, mjibu hapo hapo, bei usiifiche. "Njoo inbox" inafukuza watu. Na umwombe kila mteja ahifadhi namba yako, nawe uhifadhi yake, kwa sababu WhatsApp haimwonyeshi mtu stetasi yako kama hamjahifadhiana namba. Wengi wanapiga kelele kwenye chumba kitupu bila kujua. Salimia, nimesema. Acheni tabia ya kumkumbuka mtu siku mzigo mpya umeingia tu. Watu wanahisi, na wanachoka.

Leo jioni mtafute mteja wako wa mwisho, umuulize fundi alimshoneaje. Akikutumia picha, msifu. Bidhaa usimtumie.