Jibu langu kwa swali la wiki: László

Mhariri na wasomaji wenzangu, habari zenu. Wiki hii mmetuuliza ni jina gani moja la mtu, la nchi yoyote ile, ambalo ukiwafuata waliolibeba unaijua nchi yao nzima. Mimi jibu langu ni László, jina la kiume la Hungary, linasomwa Laaslo, na wenyewe wanatanguliza jina la ukoo kwa hiyo ukikuta wameandika Papp László ujue huyo jina lake ni László, na nyumbani kwao watamuita Laci. Nililifikia kupitia ngumi maana mimi ni mtu wa masumbwi tangu zamani, ila kila László niliyemfuatilia baada ya hapo nikawa nakutana na kitu kilekile. Mtu kakimbia nchi, au kakatazwa kutoka, au yeye kakaa zake palepale na mpaka wa nchi ndio umemhama. Historia ya Wahungari ni hiyo hiyo.

Hata aliyelipa jina hili umaarufu ni mtoto wa mkimbizi. Baba yake, Béla, alikuwa wa ukoo wa kifalme lakini ndugu waligombana vibaya akakimbilia Poland, akaoa binti wa mfalme wa huko, na László akazaliwa hukohuko kwa wajomba mnamo miaka ya 1040. Jina hilihili Poland wanasema Władysław, Waslovakia wanasema Ladislav. Familia ikarudi Hungary, na mwaka 1077 yule mtoto akawa mfalme, akatawala mpaka alipofariki 1095, na mwaka 1192 akatangazwa mtakatifu. Alikuwa mrefu sana, wanasema akisimama katikati ya watu kichwa chake kinaonekana juu ya wote, na sheria zake kwa wezi zilikuwa kali kwelikweli. Hadithi yake inayopendwa zaidi ni ile ya vita ya mwaka 1068, aliona mpiganaji wa Wakumani, wavamizi wa kutoka mashariki, anakimbia na msichana aliyemteka, akamfukuza na farasi, wakashikana mieleka na yule msichana mwenyewe akasaidia kummaliza adui. Kisa hicho kimechorwa kwenye kuta za makanisa ya zamani ya vijijini, na mengi ya makanisa hayo leo yako Slovakia na Romania.

Hapo kwenye Romania naomba tukae kidogo. Mfalme László alizikwa Nagyvárad, mji aliouanzishia makao ya askofu yeye mwenyewe. Baada ya vita kuu ya kwanza, mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 ukaichukulia Hungary theluthi mbili ya ardhi yake, na Wahungari zaidi ya milioni 3 wakaamka wako nchi za watu bila kuhama hata hatua moja. Nagyvárad sasa inaitwa Oradea, iko Romania. Yaani mfalme wanayemkumbuka kila tarehe 27 Juni, sikukuu ya kina László wote, mji wa kaburi lake uko ng'ambo ya mpaka, na fuvu lake limetunzwa kwenye kanisa kuu la Győr ndani ya sanamu ya kichwa iliyopambwa kwa dhahabu. Mimi nikisoma hayo naelewa kwa nini ukigusa habari ya mipaka mbele ya Mhungari mazungumzo yanabadilika palepale.

Sasa kuna mwaka 1457, na hapa ndio pana kisa kinachoniumiza kuliko vyote, kwa sababu wahusika wote wawili ni László.

Wa kwanza ni mfalme László wa Tano. Alizaliwa Februari 1440, baba yake alishakufa miezi kadhaa kabla, na wakubwa wa nchi walikuwa wanataka mfalme mwingine kutoka Poland. Mama yake hakukubali. Akamtuma mtumishi wake wa ndani, mwanamke anaitwa Helene Kottanner, akaingia usiku kwenye ngome ya Visegrád na wenzake wakakata makufuli, taji takatifu la Hungary wakalificha ndani ya mto wa kulalia na kulivusha juu ya Danube iliyokuwa imeganda barafu. Mtoto akavishwa taji hilo mwezi Mei akiwa na wiki 12 tu. Kisha mama akakimbia na mtoto na taji, vyote vikaangukia mikononi mwa Friedrich, mtawala wa kule Austria, na huyu mtoto akakulia huko, mfalme wa nchi anayoisikia kwa masimulizi.

Wa pili ni Hunyadi László, mtoto mkubwa wa Hunyadi János, yule jemadari aliyewazuia Waturuki pale Belgrade mwaka 1456 na wiki chache baadaye akafa kwa tauni. Baba alipokufa tu maadui wa familia wakajitokeza. Mkubwa wao alikuwa Ulrich wa Celje, ndugu wa mfalme, na alipofika Belgrade na mfalme mwezi Novemba wakagombana na Hunyadi László, watu wa László wakamuua. Mfalme akiwa na miaka 16 akajikuta katikati ya ngome ya watu waliomuua ndugu yake. Akanyamaza. Akaenda mpaka Temesvár, nyumbani kwa mama yake Hunyadi László, akaapa mbele ya yule mama mjane kwamba halipi kisasi kwa watoto wake. Mama kaapiwa na mfalme, afanye nini, akaamini, vijana wake wawili wakaenda Buda. Tarehe 14 Machi 1457 wakakamatwa, na siku mbili baadaye Hunyadi László akakatwa kichwa. Wanasimulia kwamba shoka lilipiga mara tatu bila kumaliza, na kwa desturi hapo mtu alitakiwa asamehewe, lakini likaamriwa pigo la nne.

Nchi ikawaka moto. Mfalme akakimbilia Vienna halafu Prague, amemkokota na yule mdogo wa marehemu, Mátyás, kama mateka, na mwezi Novemba mwaka huohuo katikati ya maandalizi ya harusi yake na binti wa mfalme wa Ufaransa naye akafa, ana miaka 17 tu. Watu waliamini kalishwa sumu, karne nyingi baadaye mifupa yake ilipochunguzwa ikaonekana ni kansa ya damu. Na yule mateka Mátyás, Januari 1458, akachaguliwa kuwa mfalme akiwa hajatimiza miaka 15, akatokea kuwa mmoja wa wafalme wakubwa kabisa wa Hungary. Mimi namhesabia mama yao, Szilágyi Erzsébet, kuwa mtu mzito kuliko wanaume wote wa kisa hiki, maana yeye na kaka yake ndio walioshikilia mapambano baada ya mtoto kuuawa mpaka mwingine akakaa kwenye kiti.

Haya, tuje kwa wangu wa ngumi. Papp László, alizaliwa Budapest mwaka 1926, mashoto, mikono yake inavunjika hovyo lakini ngumi ya kushoto ikikupata umelala. Dhahabu ya Olimpiki London 1948, dhahabu Helsinki 1952, dhahabu Melbourne 1956, na hakuna bondia aliyewahi kuchukua tatu kabla yake, baadaye ndio wakamfikia Wacuba wawili, Stevenson na Savón. Fainali ya Melbourne alimpiga José Torres wa Marekani, na huyo Torres baadaye akawa bingwa wa dunia wa kulipwa, kwa hiyo mtu asiniambie Papp alikuwa anapiga watu wepesi.

Lakini nchi yake ilikuwa chini ya wakomunisti na ngumi za kulipwa zilikuwa marufuku. Mwaka 1957 akaruhusiwa, wa kwanza kutoka kambi ile yote ya Urusi, akiwa na miaka 31 tayari, umri ambao mabondia wengi wanaanza kufikiria kutundika glovu. Mazoezi alikuwa anafanyia Vienna kwa sababu nyumbani haikuwezekana. 1962 akachukua ubingwa wa Ulaya uzani wa kati, akautetea mara kwa mara, mapambano 29, kashinda 27, sare 2, hajapigwa hata moja. Kilichobaki kilikuwa mkanda wa dunia, na aliyekuwa nao ni Joey Giardello. Hapo ndipo serikali yake ikamfutia ruhusa ya kutoka. Basi ikaishia hapo, hakupigania mkanda wa dunia mpaka anakufa mwaka 2003. Uwanja mkubwa wa ndani wa Budapest umepewa jina lake na ni heshima kubwa, ila wangemwacha apande ulingoni siku ile. Kuna watu wanasema Giardello angemshinda kwa sababu Papp alishazeeka, inawezekana, lakini hilo lilitakiwa liamuliwe kwa raundi na majaji sio kwa mhuri wa ofisini.

Mwenzake Kubala László, mchezaji wa mpira wa miguu, hakusubiri mhuri. Mwaka 1949 alivaa sare ya askari wa Kirusi akapanda nyuma ya lori akavuka mpaka. Italia ikampokea, klabu ya Torino wakamtaka aende nao mechi moja Lisbon mwezi Mei, mtoto wake akaugua hakwenda, na wakati wa kurudi ndege ya Torino ikagonga kilima cha Superga, wote waliokuwemo wakafa. FIFA ikamfungia kwa malalamiko ya Hungary, na alipofunguliwa akawa wa Barcelona, ambako alifunga magoli 7 mechi moja dhidi ya Sporting Gijón mwaka 1952, watu wakajaa mpaka uwanja wa zamani ukaonekana mdogo wakajenga Camp Nou. Alichezea timu za taifa za Czechoslovakia, Hungary na Hispania. Kule Hispania jina lake likawa Ladislao, na mwaka 1999 klabu ilipotimiza miaka 100 mashabiki walimchagua yeye kuwa mchezaji wao bora wa karne. Wapenzi wa Barca wa huku kwetu wanaoanzia hesabu kwa Ronaldinho, mtafuteni huyu mzee.

Na kuna Bíró László, ambaye kila mmoja wetu kamshika mkononi. Alikuwa mwandishi wa habari Budapest, akichoka na kalamu za wino zinazochafua karatasi wakati wino wa mashine za kuchapa magazeti unakauka papo hapo. Wino ule mzito haupiti kwenye nibu ya kawaida, ndipo yeye na kaka yake György aliyejua kemia wakatengeneza peni yenye kigololi kidogo kwenye ncha, kikizunguka kinabeba wino na kuuweka kwenye karatasi. Patenti waliichukua 1938. Mwaka huohuo sheria za kuwabana Wayahudi zilikuwa zimeanza Hungary, naye ni Myahudi, akaondoka kwenda Paris na baadaye Argentina, na huko ndiko peni ilikokamilika na kuandikishwa upya mwaka 1943. Marubani wa jeshi la Uingereza waliipenda kwa sababu haivuji ndege ikiwa juu. Baadaye Marcel Bich wa Ufaransa akanunua haki na kuifanya ya bei rahisi, ndio hizo Bic za mashuleni. Kenya wengi wanaiita biro mpaka leo. Argentina wameifanya siku yake ya kuzaliwa, 29 Septemba, kuwa siku ya wavumbuzi.

Wapo waliofika Afrika pia, nitawapitia haraka. Magyar László wa karne ya 19 alioa binti wa mfalme wa Bié, akachora ramani za ndani ya Angola na kufia hukohuko mwaka 1864. Almásy László mwaka 1929 aliondoka Mombasa na wenzake kwa gari za kampuni ya Steyr wakaendesha mpaka Misri, njia ambayo hata leo ukiniambia unaipita nitakuuliza mara mbili.

Wa mwisho ninayetaka mumjue ni mchungaji, Tőkés László, wa wale Wahungari walioachwa Romania na mkataba wa 1920. Alikuwa anahubiri dhidi ya udikteta wa Ceaușescu, na Desemba 1989 serikali ikaamua kumtoa kwa nguvu kwenye nyumba ya kanisa. Waumini wake wakasimama nje kuizunguka nyumba. Wakaja na Waromania, wakaja wa makanisa mengine, ikawa umati, risasi zikapigwa mjini, na kabla Desemba haijaisha Ceaușescu ameanguka. Mji wenyewe ni Timișoara, ambao Wahungari wanauita Temesvár, ni uleule ambao mfalme László alimwapia mama wa Hunyadi László.

Wazazi wa Hungary siku hizi naona wanapenda zaidi Bence, Levente na Dominik, na kina László wengi ni watu wazima. Lakini mwaka 2025 Nobel ya fasihi imekwenda kwa Krasznahorkai László, aliyezaliwa 1954 Gyula, mji ulioko palepale kwenye mpaka wa Romania, kwa hiyo hata huyo mpya ukimfuata utafika mpakani.