Suet ndo nini, na samli inafaa?

SWALI: Dada habari, mi niko Birmingham mwaka wa pili sasa, jirani yangu bibi wa Kiingereza kanipa resipe ya dampling, yale madonge ya unga ya kuweka juu ya mchuzi wa nyama, imeandikwa suet, ndo nini hiyo na naweza kutumia samli? Mi Muislamu.

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Suet ni yale mafuta meupe magumu yanayozunguka figo za ng'ombe au kondoo, kwa hiyo nenda bucha ya halali uombe mafuta ya figo, yagandishe kwenye friza alafu uyakwaruze kama karoti. Samli hapana jamani, inayeyuka haraka mno, wakati suet inachelewa, unga unakuwa umeshaanza kushika ndo mafuta yanatoka yanaacha vitundu, hapo dampling inakuwa nyepesi kabisa. Unga gramu 100 wenye beking pauda, suet 50, chumvi, maji baridi kidogo, viringisha, weka juu ya mchuzi unaochemka taratibu, funika dakika 20 na usifunuefunue! Supamaketi kuna suet ya mimea pia, soma pakiti kwanza. Ukikosa zote kwaruza siagi iliyoganda, si sawa sana ila inaliwa, na bibi mpelekee bakuli.