Mchora ramani mwenye kompyuta anahitaji penseli ya nini?

Mdogo wangu, umeuliza kama kuna haja ya kujifunza kuchora kwa mkono ilhali AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, unaimudu na wateja wako wanataka picha za kompyuta. Mimi nachora ramani za nyumba hapa Kigoma, na jibu langu ni kwamba haja ipo, ingawa si kwa ile sababu inayotajwa kila mara, ya kukatika kwa umeme.

Miaka ya mwanzo nilimchorea mama mmoja wa Mwanga nyumba ya vyumba vitatu, nikampelekea picha yenye rangi, vivuli na hata maua mlangoni. Aliitazama, akaisifu, akalipa. Mafundi walipokwisha kuchimba msingi ndipo akaniuliza kwa upole kwa nini mlango wa jiko unatazama barabara badala ya ua. Nilipotaka kujua mbona hakusema mapema, alijibu kwamba aliiona kazi imekwisha, akaona haya kuiharibu. Mtaro ule niliufukia kwa gharama yangu.

Tangu hapo mazungumzo ya kwanza nayafanyia kiwanjani, kwa penseli ya 2B na kaunta buku. Mstari uliopinda humpa mwenye nyumba ujasiri wa kubisha, na wapo walioninyang'anya penseli wakachora wenyewe. Isitoshe, kwenye miteremko yetu ya kushukia ziwani, ninapochora kwa mkono mkato wa kiwanja, yaani kana kwamba kimekatwa wima na kutazamwa ubavuni, jicho hulazimika kukadiria ardhi inashuka kiasi gani kutoka kona hadi kona, wakati kwenye kompyuta ni rahisi mno kuanza na uwanja uliosawazishwa, kisha ukashangaa ngazi na ukuta wa kuzuia udongo vimetoka wapi. (Vipimo kamili nachukua baadaye, kwa kamba na mpira wa maji wa kupimia usawa.)

Michoro ya kibali naiandaa kwa kompyuta, tena kwa furaha, kwani sitamani kurudia kukwangua wino kwa wembe kila ninapokosea. Lakini hata huko mkono haukuanza kwa kuachwa: Sketchpad, programu ya kuchorea ya Ivan Sutherland ya mwaka 1963, iliyotangulia AutoCAD kwa miaka 19, ilitumiwa kwa kushika kalamu ya mwanga na kuielekeza kwenye kioo.

Kwa kuanzia, chora jiko la kwenu kwa kukadiria tu, bila rula, kila mita ikiwa sentimita 2 karatasini, kisha lipime kwa futi ya kupimia. Mimi mara ya kwanza nilipunguza upana kwa karibu nusu mita.