Taji la balbu na mti wa uongo: maswali yenu kuhusu Terastal

Maswali mengi niliyopata safari hii yanahusu Pokémon Scarlet na Violet, gemu mbili za Nintendo Switch zilizotoka Novemba 18, 2022. Kwa wasiozijua: mara moja katika kila pambano, mchezaji anaweza kumgeuza Pokémon wake, yaani kiumbe anayempigania, kwa nguvu iitwayo Terastal. Fuwele zinachipuka ardhini, zinamfunika mzimamzima, zinapasuka, naye anatokea aking'aa kama kito kilichochongwa, na taji kichwani linaloonyesha aina aliyonayo sasa: moto, maji, umeme na kadhalika.

Mwanangu wa darasa la nne amechora kwenye daftari la hesabu mzimu wa zambarau wenye balbu kubwa kichwani. Niwe na wasiwasi? (Mama, Morogoro)

Usiwe na wasiwasi hata kidogo, mama, na hilo daftari litunze. Bila shaka amemchora Mismagius wa Iono, kiongozi wa jim (ukumbi wa mapambano) ya umeme katika mji wa Levincia. Kwa asili Mismagius ni wa aina ya mzimu. Iono akimgeuza, anakuwa wa umeme, na ile balbu ndiyo inayomtangazia mpinzani kwamba mambo yamebadilika. Sasa angalia alivyopanga: aina ya umeme ina udhaifu mmoja tu, mashambulizi ya aina ya ardhi. Lakini Mismagius huyu anaelea hewani, kwa hiyo mashambulizi ya ardhi hayampati. Anabaki hana pa kumshika. Mwombe mwanao akueleze hilo kwa maneno yake, utaona ni hesabu kweli.

Kwa nini taji la aina ya moto ni thurea yenye mishumaa? Si wangeweka moto wenyewe? (Msomaji, Kisumu)

Moto wenyewe Pokémon wengi wanao tayari. Charizard anauwasha mkiani tangu gemu za kwanza za mwaka 1996. Ukimwongezea mwali mwingine kichwani, nani atautambua katikati ya pambano, tena kwenye skrini ndogo?

Sababu ya pili ni ninavyosoma mimi. Hebu pangeni mataji haya pamoja: moto una thurea, umeme una balbu, maji yana chemchemi ya kurusha maji kama zile za bustanini, aina ya kuruka ina maputo. Moto, maji na hewa havichongeki kuwa kito. Kinachochongeka ni chombo ambacho binadamu ametengeneza ili avishike. Thurea inashika moto, puto linashika hewa. Ndiyo maana taji linakaa vizuri kichwani na bado linasema kilichomo ndani. Aina nyingine hazikufuata njia hii. Dragoni amepewa kichwa cha dragoni, na hapo naona wachoraji hawakujisumbua sana.

Kaka, hilo taji lina kazi yoyote au ni pambo? (Msomaji, Tanga)

Lina kazi, ndugu yangu, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni Sudowoodo. Huyu anaonekana kama mti: mikono ni matawi, vidole ni vifundo vya kijani. Lakini ni jiwe tupu. Jina lake la Kijapani ni Usokkie, ambamo *uso* ni uongo na *ki* ni mti. Ni mti wa uongo tangu jina.

Kwenye mji wa Artazon kuna Brassius, msanii anayeongoza jim ya aina ya nyasi, na Pokémon wake wa mwisho ni huyohuyo Sudowoodo. Mara ya kwanza nilipomwona nilifurahi, nikamwandalia maji, maana maji humuumiza wa jiwe mara mbili. Brassius akamgeuza. Shada la maua likamchanua kichwani, na maji yangu yakafanya nusu ya kazi, kwa sababu aina ya nyasi huyahimili. Aliyedanganya maisha yake yote kuwa mti sasa amekuwa mti kweli. Ila amebeba na shida za miti: moto, ambao jiwe huuhimili, sasa unamchoma maradufu. Ukiliona lile shada, badilisha mpango papo hapo. Mimi nilichelewa, nikalipia.

Nikimvika Pokémon wa moto taji la moto, nimepata nini? (Msomaji, Bujumbura)

Nguvu. Pokémon akitumia shambulio la aina yake, nguvu huzidishwa mara 1.5. Taji likilingana na asili yake, inakuwa mara 2. Udhaifu wake kwa kawaida haubadiliki, isipokuwa kama alikuwa na aina mbili. Hapo inabaki moja tu.

Zamani walikuwa wanakuwa majitu. Kwa nini safari hii vito? (Msomaji, Muscat)

Kila kizazi cha gemu hizi kinavaa nchi yake. Gemu za Sword na Shield za 2019 zilichorwa kutokana na Uingereza, na Pokémon walikua majitu ndani ya viwanja vilivyojaa mashabiki, kama viwanja vya mpira. Paldea, nchi ya kubuni ya Scarlet na Violet, imetokana na Hispania na Ureno, na hadithi yake inaanzia shuleni: wanafunzi wanatumwa wakatafute hazina, kila mmoja ya kwake. Katika hadithi ya hazina, kito kimefika nyumbani. Nami nikiutazama mwili ule wa vipande vinavyokata mwanga, nakumbuka vioo vya rangi vya kanisa la Sagrada Família kule Barcelona.

Taji langu limegoma kutokea pambano la pili. Gemu imeharibika? (Msomaji, Arusha)

Haijaharibika. Taji huvunjika Pokémon akizimia, na pambano likiisha linaondoka. Tufe la Tera, kile kifaa ulichotumia kumgeuza, limeishiwa chaji. Lipeleke Pokémon Center, kituo cha kutibu Pokémon, au gusa fuwele inayong'aa porini, litajaa tena.