Maswali ya Wasomaji: Vichungulio vya Zamani vya Kamera Kubwa

SWALI: Assalaam alaykum Mhariri. Marehemu babu yangu alikuwa mpiga picha, na katika sanduku lake tumekuta kibomba cheusi cha chuma chenye vioo ndani. Kina pete inayozunguka yenye nambari 90, 150, 240 na nyenginezo, na nyuma kina kigurudumu kidogo cha umbali. Kimeandikwa Linhof. Mimi nina kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5 ya kiwanda chengine. Kitu hiki ni nini, na je, nitaweza kukitumia? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yetu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Hicho ni kichungulio, ambacho wapiga picha wengi hukiita vyufainda. Hupachikwa juu ya kamera ili mtu aone eneo litakaloingia kwenye picha bila ya kujifunika kitambaa cheusi na kutazama taswira iliyopinduka kwenye kioo cha nyuma. Linhof ni kiwanda cha Munich, Ujerumani, chenye sifa kwa kamera zake za kukunja ziitwazo Technika. Kwa kuwa mpiga picha wa studio, ambaye kamera yake haiondoki kwenye stendi, hana haja kubwa na kifaa hiki, inaelekea kwamba babu yako alikuwa akitoka sana na kamera yake.

Nambari za kwenye pete ni urefu fokasi wa lenzi kwa milimita, yaani takriban umbali wa lenzi hadi kwenye filamu inapolengwa kitu cha mbali. Ukiweka 90 utaona eneo pana, ukiweka 240 utaona eneo jembamba. Kigurudumu cha nyuma kinarekebisha paralaksi, yaani ile tofauti inayotokana na kichungulio kukaa juu ya lenzi. Kwa jengo lililo mbali tofauti hiyo haina athari, lakini kwa mtu aliyekaa mita moja na nusu mbele yako, usipoirekebisha, utamkata kofia.

Jina la kiwanda, hata hivyo, halitoshi kukitambua. Technika zilitengenezwa kwa filamu za ukubwa mbalimbali, ikiwemo ya sentimita 6 kwa 9 na ya inchi 4 kwa 5, na nambari 150 haina maana moja katika filamu hizo mbili. Kwa hiyo usikisome tu, kipime. Kiweke juu ya meza, mita 2 kutoka ukutani, pete ikiwa kwenye 150 na kigurudumu kikiwa kwenye mita 2. Chungulia, na umwambie mwenzio atie alama ya chaki pale ukuta unapokatika kushoto na kulia. Filamu ya inchi 4 kwa 5 hupata picha ya takriban milimita 96 kwa 120, kwa hiyo alama zikiachana kwa karibu mita 1.6, kichungulio ni cha kamera kama yako. Zikiachana kwa mita 1.1 hivi, ni cha filamu ya 6 kwa 9. Usikitupe hata hapo: ukiweka pete kwenye 105, utapata karibu upana ule ule wa lenzi yako ya 150, ila sehemu ya juu na ya chini itaonekana pungufu, kwa sababu umbo la filamu ile ni refu zaidi ubavuni. Ikiwa mguu wa kupachikia haukubali kwenye kamera yako, kishike mkononi tu, kwa maana faida yake kubwa ni kabla ya kamera kutoka kwenye mkoba.

Chukua mfano wa mlango wa nakshi katika kichochoro cha Mji Mkongwe, ambapo mgongo wako umeshagusa ukuta wa pili na mbele umebakiwa na mita 3. Lenzi ya 150 itakupa eneo la mita 2.4 kwa 1.9, ambalo hata kamera ikisimamishwa wima huenda lisitoshe fremu nzima pamoja na taji lake. Lenzi ya 90 itakupa mita 4 kwa 3.2. Kichungulio kinakwambia hayo kwa kuzungusha pete mara moja, kabla hujaziba njia kwa stendi na wenye vespa hawajaanza kukupigia honi. Lakini ukiinua lenzi peke yake mbele ya kamera ili kuta zisimame wima bila ya kuinamisha kamera, kichungulio hakina habari: kinaendelea kutazama mbele moja kwa moja. Hapo hakuna budi kurudi kwenye kioo cha nyuma, na mimi kwa kila picha ya majengo ningerudi huko.

SWALI: Mhariri, vichungulio vya kamera kubwa ni ghali. Je, vile vidogo vya kamera za milimita 35 havifai? (Bi. Msomaji, Shangani)

JIBU: Vinafaa, dada yetu, kwa hesabu. Gawanya urefu fokasi wa lenzi yako kwa 3.3: lenzi ya 90 inakaribia kichungulio cha 28, na ya 150 inakaribia 45, kwa hiyo cha 50 kitakuonesha pungufu kidogo. Kumbuka kwamba upana utalingana, lakini kile cha 28 kitakuficha kama moja ya tano ya kimo. Tahadhari na vile vya kale vya Leitz, kiwanda cha kamera za Leica, viitwavyo VIDOM, ambavyo hugeuza kushoto kuwa kulia. Kabla ya kulipa, chungulia maandishi ya kanga iliyoanikwa, na yakisomeka kinyume utajua. VIOOH ya kiwanda hicho hicho haina kasoro hiyo.

Na ukitaka bure, kata tundu la milimita 96 kwa 120 kwenye kadi ngumu, funga uzi, upige fundo kwenye milimita 90 na jengine kwenye 150. Shika fundo karibu na jicho, nyoosha uzi, utazame tunduni. Fremu ya waya ya kamera za Speed Graphic haikuwa na elimu zaidi ya hiyo.

SWALI: Ndani ya kichungulio changu mna utando kama wa buibui. Kimekufa? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Hakijafa. Huo ni ukungu unaoota kwenye vioo kwa unyevu wa hewa yetu, na kifuko cha ngozi huuzidisha. Mpelekee fundi wa lenzi akifungue, kisha ukihifadhi katika kopo linalofunga vizuri pamoja na pakiti za silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu. Ukibaki utando mdogo, uwache: filamu haipokei chochote kupitia humo, na alama iliyobaki utaiona wewe tu.